Swali la Kwenda Nalo Nyumbani

Asubuhi, kabla chaki haijagusa ubao, mwalimu wa darasa la nne katika shule yoyote ya msingi ya Tukuyu, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, hufungua daftari la mahudhurio na kuanza kuita. Mwaipopo. Mwakalinga. Mwambene. Mwakyusa. Mwaikambo. Hapo katikati litajitokeza jina la Sanga, la mtoto ambaye babu zake walishuka kutoka milima ya Ukinga, kisha safu ya Mwa- itaendelea mpaka chini ya ukurasa. Kazi hiyo haimalizi hata dakika tano. Watoto huitika, mwalimu hutia alama, daftari hufungwa. Orodha ya wahenga wa Rungwe imesomwa kwa sauti mbele ya wajukuu wao, na mara nyingi hakuna anayeuliza wahenga hao walikuwa akina nani.

Mwalimu anayetaka kufundisha urithi wa familia aanzie hapo hapo. Hahitaji kitabu kipya wala safari ya kwenda jumba la makumbusho. Mwa- katika Kinyakyusa, lugha ya wenyeji wa Rungwe, humfunga mtu na aliyemtangulia: mtoto wa fulani, wa uzao wa fulani. Kila mtoto akiondoa silabi hiyo mwanzoni mwa jina lake, anabaki na mtu. Sasa anapewa swali moja tu la kwenda nalo nyumbani: mtu huyu aliishi wapi, na kutoka kwake hadi kwangu ni vizazi vingapi? Kesho yake, watoto wenye jina moja waliotoka vijiji tofauti wakae pamoja walinganishe majibu. Nyumba moja itasema mzee yule alikuwa malafyale, yaani mtawala. Nyingine itasema alikuwa mtu wa jembe tu, akitokea Selya na ng'ombe wake wawili. Majibu yakigongana, mwalimu asikimbilie kuamua. Ndipo somo la historia linapoanza, maana watoto watalazimika kuulizana: wewe umeambiwa na nani, naye aliambiwa na nani?

Majina ya kwanza nayo yana mengi. Lugano ni upendo, Lusekelo ni furaha, Lusajo ni baraka, Ipyana ni neema, Kisa ni huruma, Lwitiko ni imani. Atupele ni sentensi nzima: ametupa. Tusajigwe pia ni sentensi: tumebarikiwa. Mtoto anayeitwa Atupele ana haki ya kujua wazazi wake walipewa nini, baada ya kungoja muda gani, na nani alilitamka jina hilo mara ya kwanza. Swali hilo dogo limewahi kufungua vinywa ambavyo maswali makubwa ya "tusimulie historia ya ukoo wetu" yasingeweza kuvifungua, kwa sababu bibi anayeulizwa kuhusu siku mjukuu alipozaliwa hajihisi kama anafanyiwa mtihani.

Kuna fikra kwamba darasa na urithi ni vitu viwili vinavyopingana: shule ilikuja na wageni, urithi ulibaki jikoni kwa bibi. Kwa Wanyakyusa jambo hili linahitaji kutazamwa upya. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi Rungwe kati ya 1934 na 1938, walikuta utaratibu ambao ulikuja kuwashangaza wasomaji duniani kote. Mvulana alipofika umri wa miaka 10 hivi aliondoka nyumbani kwa baba yake akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake wa rika lake, pembeni mwa kijiji cha wazazi. Mashamba ya baba aliendelea kuyalima. Chakula aliendelea kula kwa mama, lakini hakwenda peke yake: kundi zima la wavulana lilizunguka, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Walipooa walileta wake zao palepale, na kibanda cha watoto kikageuka kijiji cha watu wazima.

Neno lililobeba maisha hayo ni ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa furaha, kuzungumza, kula pamoja, na katika mazungumzo hayo kujifunza adabu na busara. Mwaka 1951 Monica Wilson alikipa kitabu chake jina la Good Company kwa sababu ya neno hilo. Vijiji vya rika vilififia kadiri ardhi ilivyobanwa na kahawa, chai na wingi wa watu. Lakini mtu akisimama nje ya dirisha la darasa lenye watoto hamsini wa umri mmoja, huku mvua ya Tukuyu ikipiga bati, anaona jambo ambalo babu wa babu yao asingeliona geni. Watoto wa Rungwe walijifunza kuwa watu wakiwa na wenzao. Walichokipata kwa mama zao kilikuwa chakula. Leo wanaweza kuleta majibu.

Basi kazi ya shule iko wazi. Mwalimu hawezi kumfundisha Lusajo historia ya nyumba ya akina Lusajo, kwani haijui, na pengine yeye mwenyewe amepangiwa kazi hapo akitokea Mara au Tanga. Anachoweza ni kumpeleka mtoto nyumbani na swali zuri, kisha kumpa pa kuliweka jibu mbele ya wenzake.

Waliojaribu njia nyingine walipata taabu. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha shule Malangali, katika jimbo la Iringa, chini ya mkuu wake W. B. Mumford, aliyeamini kwamba elimu ya Mwafrika isimng'oe kwao. Wazee waliitwa waje kufundisha mila na historia, ngoma na mkuki vikawekwa katika ratiba, wanafunzi wakavaa mavazi ya asili. Nia ilikuwa ya heshima kuliko ya shule nyingi za wakati huo. Hata hivyo mwenye shule ndiye aliyeamua kipi ni asili na kipi si asili, na mtoto akapokea urithi kama sare: kitu kilichokwisha kushonwa. Jaribio hilo halikudumu.

Karibu miaka 40 baadaye, mwaka 1967, Julius Nyerere aliandika katika Elimu ya Kujitegemea kuhusu jeraha la upande wa pili. Shule, alieleza, inamfanya kijana aamini kwamba maarifa ya maana yamo vitabuni au kwa watu waliosoma, na kwamba mzee asiyejua kusoma hana la kumfundisha. Maneno hayo bado yanaishi katika kila nyumba ambamo mtoto huona aibu kumjibu bibi yake kwa Kinyakyusa mbele ya wenzake wa shule. Mitaala mipya iliyotangazwa 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na hiyo ni nafasi njema. Ila somo likiishia kwenye kukariri majina ya watawala, bibi ataendelea kukaa nje ya lango.

Rungwe ina mifano miwili ambayo mwalimu anaweza kuwapa watoto kila wanapodhani kwamba maneno ya wazee ni ngano tu.

Wa kwanza ni wa moto. Kusini-mashariki mwa Mlima Rungwe, wenye urefu unaokaribia mita 3,000, uko mlima mdogo zaidi uitwao Kyejo. Wanajiolojia wanasema volkano hiyo ilimwaga lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, kutoka tundu la Sarabwe ubavuni mwa mlima. Walijuaje mwaka huo? Hapakuwa na mwandishi wala kalenda ya ukutani. Tarehe hiyo inatokana na simulizi za Wanyakyusa, za watu walioambiwa na babu zao kwamba ardhi iliwaka na mawe yakatiririka. Katika vitabu vya sayansi vinavyosomwa mbali kabisa na hapa, sentensi moja inasimama juu ya kumbukumbu za familia za Rungwe.

Mfano wa pili ni wa mnyama. Watafiti wa shirika la Wildlife Conservation Society, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakiwahoji wawindaji wa vijiji vinavyouzunguka Mlima Rungwe, wakasikia habari za nyani mwenye haya aitwaye kipunji. Hawakujua waamini au la, kwa sababu katika masimulizi ya huko wanyama wa kweli na wa kimizimu huishi pamoja bila ua katikati. Mwaka 2003 wakamwona msituni. Mwaka 2005 jarida la Science likamtangaza kwa ulimwengu, na mwaka uliofuata ikathibitika kwamba hakuwa tu spishi mpya, bali jenasi mpya kabisa ya nyani wa Afrika, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka 83. Jina lake la kitaalamu ni Rungwecebus kipunji: nusu ya kwanza ni mlima, nusu ya pili ni neno la wawindaji.

Mtoto akiisikia habari hiyo darasani, mara nyingi huwa na jambo la kusema. Babu yangu alishasema. Aseme. Kisha aulizwe kile ambacho watafiti nao walijiuliza: babu alimwona kwa macho yake, au alisimuliwa? Alikuwa na rangi gani, alilia vipi, msitu upi? Hapo mtoto anajifunza kumheshimu mzee na kumhoji kwa wakati mmoja, na mambo hayo mawili hayagombani kama wengi wanavyohofia.

Kuhoji nako kunafundishwa. Mradi wa TESSA, ulioanza 2005 kwa kuunganisha vyuo vikuu vya Afrika na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, uliandaa moduli za walimu wa shule za msingi, zikiwemo za Kiswahili kwa Tanzania; katika masomo ya jamii mojawapo ya sehemu zake inahusu uchunguzi wa historia za familia. Mwongozo wake ni wa busara: watoto waandae maswali darasani, wajaribu kuulizana wao kwa wao, ndipo waende kwa mzee au wamwalike shuleni. Kwa Rungwe ingefaa kuongeza jambo ambalo moduli ya nchi nyingi haiwezi kulijua. Mtoto aende na salamu kwanza. Aamkie kwa Kinyakyusa ikiwa nyumba ni ya Kinyakyusa, apokee mzigo au kuni kama zipo, akae. Swali lije baadaye, mikono ikiwa kazini, wakati wa kumenya ndizi za mbalaga au kuchambua maharage. Mzee aliyeketishwa kwenye kiti na kuelekezewa daftari husema machache.

Taabu kubwa ya simulizi za nyumbani ni tarehe. "Zamani sana" ya bibi mmoja ni miaka 30, ya mwingine ni 100. Dawa yake ni kamba. Mwalimu afunge kamba ya mgomba kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake watoto waning'inize vipande vya karatasi vya matukio ambayo Rungwe nzima inayajua. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walijenga kituo chao Rungwe. Mwezi Mei 1916, katikati ya vita kuu, majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na kuutwaa mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, ndio Tukuyu hii. Desemba 1961, uhuru.

Halafu ipo karatasi ya 1986, na hiyo ndiyo itakayojaza darasa. Mwaka huo Tukuyu Stars, timu iliyokuwa imepanda daraja, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Hakuna mzee wa Tukuyu aliyekuwa na akili zake wakati huo asiyekumbuka alikuwa wapi. Baba alikuwa ameshazaliwa? Bibi alikuwa ameshaolewa? Shangazi alikuwa bado yuko Dar es Salaam, au alikuwa amesharudi? Mtoto akirudi na majibu hayo, tayari ana watu wanne au watano mahali pao kwenye kamba, na kutoka hapo anaweza kuhesabu kwenda nyuma. Huko nyuma atakutana na safari. Wanaume wengi wa Rungwe walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, Chunya, wengine wakavuka hadi migodi ya shaba ya Zambia ya leo, wengine wakachukuliwa na WENELA, wakala wa kuandikisha wachimba migodi, mpaka migodi ya Afrika Kusini. Baadhi walirudi na cherehani na baiskeli. Baadhi hawakurudi, na jina la mjomba ambaye hakurudi linaweza kuwa limekaa kimya nyumbani kwa miaka 60 likingoja mtu wa kuliuliza.

Vitu navyo huzungumza, na katika wilaya hii hakuna kinachozungumza vizuri kuliko chungu. Nyumba nyingi za wazee bado zina vyungu vya Wakisi, kabila dogo la pwani ya Ziwa Nyasa ambalo wanawake wake wa Ikombe, jirani na Matema, wamefinyanga kwa vizazi vingi. Vyungu hivyo hupakiwa kwenye mitumbwi, huuzwa katika soko la Jumamosi la Matema, kisha hupanda na wachuuzi hadi Kyela na Tukuyu. Mtoto akileta kimoja darasani kwa ruhusa ya bibi (na akibebe mtu mzima, tafadhali), wenzake wana kazi ya asubuhi nzima. Kilinunuliwa au kilibadilishwa na chakula? Kilipikiwa nini? Mbona chini kimeungua upande mmoja? Kilichofuata baada yake, sufuria, kiliingia nyumba hii mwaka gani, na nani alikileta? Urithi wa nyumba ya Mnyakyusa unageuka kuwa na mikono ya mwanamke wa Kikisi ndani yake, na hilo ni jambo jema kulijua mapema, kabla mtoto hajaambiwa kwamba kila kabila lilijitosheleza.

Sasa jambo gumu. Mwalimu akichora ubaoni mti wa ukoo wenye visanduku viwili, baba na mama, kisha akaamuru kila mtoto avijaze, anaweza kumuumiza mtoto bila kunuia. Mkoa wa Mbeya uliguswa vibaya na UKIMWI, na watoto wengi wamelelewa na bibi, shangazi au mama mkubwa. Yupo pia ambaye baba hatajwi. Yupo ambaye mashamba ya migomba ya babu yake yanagombaniwa barazani, na swali la nani mtoto wa nani si la darasani tena. Mchoro huo, zaidi ya hayo, si wa hapa. Katika Kinyakyusa ndugu wa kiume wa baba naye ni tata. Katika Kiswahili ni baba mkubwa au baba mdogo. Kisanduku kimoja cha baba kinawaacha nje watu watatu ambao mtoto huwaita baba kila siku.

Inafaa kuchora mgomba. Kila mtoto wa Rungwe anajua mgomba haukai peke yake: shina kubwa likishazaa na kukatwa, machipukizi yamekwisha kuinuka pembeni, na shina zima la migomba ni nyumba moja ingawa hakuna anayeweza kuonyesha lipi lilianza. Mtoto ajichore kama chipukizi, kisha awaweke karibu yake wale waliomlisha, waliomfundisha, waliompa jina. Mpangilio awe nao yeye. Anayelelewa na bibi atamweka bibi ubavuni, na mchoro wake hautakuwa na kisanduku kitupu cha kuchekwa.

Kwa hati, watoto wa kizazi hiki wana bahati ambayo wazazi wao hawakuwa nayo. Mwaka 2013 mkoa wa Mbeya ulikuwa wa kwanza nchini katika mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, wa kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka mitano karibu na wanakoishi. Cheti hicho kinaweza kusomwa darasani kama chanzo cha historia: kinasema nini, kimesahau nini? Kimeandika tarehe. Hakikuandika kwamba siku hiyo mvua ilikata barabara, wala kwamba mkunga alikuwa bibi mwenyewe. Hayo mtoto atayaandika nyuma ya nakala, kwa mkono wake, baada ya kuuliza.

Ipo pia shule nyingine ambayo kila mtoto wa Rungwe huhudhuria, nayo ni msiba. Monica Wilson aliandika kwa kirefu juu ya mazishi ya Wanyakyusa kwa sababu aliona kwamba hapo ndipo ukoo hukusanyika na kujijua. Hadi leo ndugu huja kutoka Dar es Salaam, Mbeya na Kyela, hulala chini pamoja siku kadhaa, na mtoto husikia kwa mara ya kwanza kwamba yule mzee mwenye kofia ni mjomba wa mama. Kwa kawaida huyasikia yote hayo kama mvua, yakapita. Mtoto aliyekwisha kuchora mgomba wake huja msibani akiwa na nafasi zilizo wazi kichwani, na mtu akitajwa anajua pa kumweka.

Kuna shule za wilaya hii ambako michoro hiyo haitatosha ukutani, hasa kwa watoto wenye ndugu ng'ambo ya mto Songwe. Huko Karonga, Malawi, wanaishi Wangonde, wanaosema lugha ambayo Mnyakyusa huielewa bila mkalimani, na wenye majina yanayoanza kwa Mwa- vilevile: Mwakasungula, Mwafulirwa. Mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani. Harusi na mahari ya ng'ombe zimeendelea kuuvuka. Mtoto atafikisha mstari wa shangazi wa baba yake kwenye ukingo wa karatasi ya manila, atainua macho na kuuliza afanye nini. Mwalimu atachukua gundi, abandike karatasi nyingine.